Mawe Mfukoni mwa Katekista

Ashukuriwe Mungu aliyetupa mvua baada ya kiangazi kirefu hapa Keza. Nyasi za mbele ya nyumba yangu zilichipua, nikajiandaa kuzifyeka kwa mara ya kwanza msimu huu. Ili fyekeo lisigonge mawe, nilipiga magoti nikayaokota moja moja na kuyatia mfukoni.

Jirani yangu Mama Yustina, akienda kisimani, aliniona nimeinama kimya. Akatua ndoo, akapiga magoti nyuma yangu. Waumini wawili wa jumuiya yetu waliokuwa wakipita wakafuata. Nilipogeuka, nilishtuka.

"Shikamoo, katekista. Unashukuru kwa mvua?"

"Marahaba. Ndiyo, mama."

Mimi, ninayefundisha watoto amri ya kutosema uongo! Ili kulinda heshima yangu nikaanzisha sala ya rozari. Tukasali matendo yote matano, magoti yakiniuma juu ya mawe ambayo sikuwa nimeyafikia.

Niliposema amina na kuinuka, mfuko ulichanika. Mawe yakamwagika mbele yao.

"Yesu wangu!" Mama Yustina alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe Salamu Maria unazihesabu kwa mawe badala ya shanga!"

Nikakiri yote, nami nikicheka. Wewe unayesoma, Mungu akujalie majirani kama hawa.