Sufuria ya Mama Iliyokwenda Maabara

Nilisomea kemia chuo kikuu kwa jasho la wakulima, kama tulivyokumbushwa katika kila mkutano, na mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa napima maji katika maabara ndogo karibu na Ruvu. Ndipo akaja mtafiti mmoja, mama wa makamo mwenye mkoba uliojaa majarida, akaomba kona ya meza yetu. Alikuwa akichunguza kama metali, hasa alumini, huingia kwenye ubongo wa wazee na kuwasahaulisha. Nchi za nje, alisema, wapo walioikuta alumini kwenye ubongo wa wagonjwa waliofariki. Kama ndiyo iliyoleta ugonjwa au ilifuata baadaye, hakuna ajuaye. Sisi ubongo hatukuupata hata mmoja. Nani angekwenda matangani kuomba kichwa cha mzee wa watu? Tukabaki na maji.

Ile sehemu ya "hakuna ajuaye" mimi sikuisikia. Kule kijijini kwetu, Maneromango, mama yangu alikuwa ameanza kuniita mwalimu. Alidhani mimi ni yule aliyemfundisha kusoma misheni, akawa ananiamkia shikamoo, nami sijui niitikie vipi. Jina langu bado alikuwa nalo, ila alilitaja akimzungumzia mwanawe aliyekuwa masomoni, kijana mwembamba mwenye adabu kunizidi. Nilitaka nimrudishe mama kabla na huyo hajapotea.

Jumamosi moja nikapanda lori la korosho na vyungu viwili vipya mapajani. Nilimkuta mama jikoni anapika kisamvu. Majina yalikuwa yamemtoka, lakini mikono ilijua: tui zito lini, chumvi kiasi gani. Alikuwa akipikia sufuria yake ya tangu arusi, iliyobonyea ubavuni. Alipopakua, nikaiosha na kuifunga kwenye gunia. Shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, alinifuata mpaka mlangoni.

"Sasa mama atapikia nini, shemeji?"

"Vyungu. Sufuria inamla ubongo."

"Mbona na mimi nakula humohumo, na kanga uliyoniahidi Krismasi naikumbuka?"

Nikamwambia hilo ni suala la kisayansi. Nikamwachia chupa, nikamwomba kila wiki ajaze maji ya kisima na kumpa dereva wa lori. Maji hayo ndiyo ningeyalinganisha na yaliyopita kwenye sufuria. Niliporudi maabara nikachemsha maji kwenye sufuria ya mama, kisha nikaikata kitako, nikakiloweka vipandevipande kwenye asidi, nikijiona mtu wa maana.

Majibu yakanishtua. Maji ya kisima yalikuwa na alumini nyingi, wiki baada ya wiki. Kumbe mwizi ni kisima! Nikaanza kuandika barua ya kuomba kijiji kichimbiwe kingine. Mtafiti aliisoma, akavua miwani.

"Nani anayachota?"

"Shemeji yangu, Daktari. Mtu mwaminifu sana."

"Uaminifu wake sikuuliza. Twende tukamwone."

Tulingoja petroli wiki tatu. Tulipofika, tukamwomba shemeji atuonyeshe anavyofanya. Kwa fahari akatoa sufuria yake mwenyewe, ambayo sikujua kuwa ipo. Akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, akachota maji, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe.

"Unayachemsha?" nikauliza.

"Redio kila siku inasema tuchemshe. Ndiyo nikutumie maji mabichi, shemeji, mtu wa chuo kikuu? Ukiharisha huko watasema kwenu hawana ustaarabu."

"Sikuwa nayanywa."

"Chupa nzima kila wiki, ulikuwa unayafanyia nini?"

Mtafiti akageuka kutazama mihogo. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Ndimu juu ya alumini: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua asidi hiyo inang'oa nini. Miezi mitatu nilikuwa napima usafi wa shemeji yangu.

Nikauliza mama yuko wapi. Nyuma ya nyumba, akasema shemeji, na sauti yake haikuwa na utani tena. Tangu niache vile vyungu mama hakupika. Mara mbili tatu alisimama mlangoni, akatafuta kwa macho, akasema jiko hili ni la watu, akarudi kukaa.

Nilikuwa nimeirudisha sufuria ndani ya gunia lilelile. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikampa mama. Akapapasa ubavu uliobonyea, akaingiza mkono, ukatokea chini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Hii ni yangu. Nani kaikata?"

"Mwanao, mama."

"Yule aliyeko masomoni?"

"Huyohuyo."

Akaendelea kuipapasa.

"Akija likizo usimgombeze wewe. Niachie mimi."

Nikamwambia nitamwachia.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye duka la ushirika. Sufuria hazikuwapo tangu masika, na zikija, alisema muuzaji, zitatolewa kwa orodha. Akanipa fomu. Palikuwa na nafasi ya kueleza matumizi. Nikaandika: kupikia. Katika yote niliyoandika mwaka ule, ni neno hilo tu ninaloweza kulitetea.