Farasi Aliyesifiwa Mashaallah

Kwetu mtu akiona kitu kizuri cha jirani husema Mashaallah, ili jicho lake lisije likakidhuru. Akiona kasoro pia husema Mashaallah, akafunga mdomo, akaenda zake, kwa sababu anayelitaja baya ndiye anayeliita. Maneno huumba. Nami nimelelewa hivyo, ila sikuleleka. Mdomo huu nimezaliwa nao.

Mume wangu alikuwa mshona kofia. Nasema kofia za mkono, zile za kutoboa matundu na kuyazungushia uzi moja moja, si hizi za mashine. Bwana harusi wa Diani, wa Msambweni, hata wa Shimoni, akitaka kofia ya siku yake alikuja kwetu. Mkono wake wa kulia ndio uliosomesha watoto na kuezeka nyumba. Nilikuwa simwachii hata kupasua kuni. "Shoka niachie mimi," nilimwambia, "wewe kaa na sindano yako." Basi ujue nilichokuwa nikikitazama wakati wenzangu wote walipokuwa wakimtazama farasi.

Farasi mwenyewe alitoka kwa mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akipandisha watalii farasi ufukweni, akawa anafunga nyumba kurudi kwao. Alikuwa mchanga, hajapandwa na mtu, rangi ya halua, miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Mume wangu alikuja naye akimkokota, watu nyuma yake kama wamepata zefe la harusi.

"Bwana harusi nitamvisha kofia kichwani," alisema, "kisha nitampandisha farasi aende akaoe. Nani tena atakwenda kwingine?"

Watu wakacheka. Mashaallah, Mashaallah.

"Wewe farasi wamjulia wapi?" nikamuuliza.

"Si nimekua na punda? Punda na farasi ni ndugu."

"Na paka na chui je? Kamlete chui alale jikoni."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mtu wa kucheka, mume wangu, na mimi nilimpendea hilo.

Masomo aliyapata kwenye simu. Kulikuwa na video ya mtu aliyesimama katikati ya uwanja, farasi amefungwa kamba ndefu, anamzunguka, huku akifunzwa kutii sauti kabla ya kupandwa. Mume wangu akafyeka nyuma ya nyumba, kati ya minazi, akazungusha ua wa fito, na kila siku baada ya alasiri akaingia na farasi wake. Haukupita muda farasi akawa anazunguka, akiambiwa simama anasimama. Lo! Kichwa kikamvimba. Video mbili tatu, na tayari ni mwalimu. Akikaa barazani anawaeleza watu, "Farasi hana siri. Ni kumjulisha nani bwana."

Ile video niliiangalia mimi pia, nimesimama nyuma ya bega lake. Yule mtu alivaa glavu nene, na kamba aliikunja kiganjani, mkunjo juu ya mkunjo, akitaka kuiachia inaondoka. Mume wangu yeye alijizungushia mkono wa kulia, kama baba yake alivyokuwa akishika madume ya kuchinjwa Idi: kamba unaizungusha kiganjani ili ng'ombe asikuponyoke, unakita miguu chini, naye huvuta, huchoka, husimama.

"Yule amekunja," nikamwambia, "hakujizungushia."

"Yule ana mikono laini."

"Huyu akikurupuka atakung'oa vidole."

Mavyaa alikuwa mkekani akichagua mchele. Akauweka ungo chini. "Astaghfirullah! Mke gani amwapizaye mumewe mchana kweupe?"

"Simwapizi, mama. Namwonya."

"Onyo na apizo mlango wao mmoja," akasema huyo mama aliyemzaa mume wangu. Jioni ile akachoma ubani. Akamfukiza farasi, akamfukiza mwanawe, akaja na chetezo kwangu, na kwangu akakawia zaidi.

Kisha farasi akaanza kubadilika. Mwanzo alikuwa akizunguka pembeni kabisa, kamba imenyooka. Sasa akawa anakata duara, anaingia ndani, masikio ameyalaza nyuma, anamgeuzia mume wangu matako. "Ananizoea," mume wangu akasema. "Ataka kuwa karibu nami." Siku nyingine alisimama ghafla bila kuambiwa, ngozi ya bega ikitetemeka ingawa hapakuwa na nzi, akamtazama tu. Hapo mume wangu alimwita mkaidi na kumzungusha tena, juani, juu ya ardhi ile yetu iliyo mwamba chini ya mchanga, mpaka jasho likatoka povu. Mimi nilikuwa jikoni nikikata vitunguu. Niliogopa. Niliogopa tangu asubuhi mpaka nikilala.

Jirani yetu mmoja, aliyewahi kupandisha watalii ngamia, alikuja siku moja akasimama uani. Jirani hakumtazama sana farasi. Alitazama ule mkono uliozungushiwa kamba. Nilimwona alivyouona. Akanigeukia, akafungua mdomo.

"Mashaallah," akasema. "Mashaallah." Akaondoka hata hajamaliza maamkizi. Nusura nimkimbilie nimshike kanzu.

Siku ya siku walikuja wazee wa bwana harusi kutoka Msambweni kumwona farasi atakayepandwa na kijana wao. Nikawapa viti, nikaleta kahawa na visheti. Mume wangu alivaa kanzu safi, akaingia uwanjani. Farasi hakutaka kwenda. Alirusha kichwa, akavuta, na mume wangu, ili asiaibike mbele ya wageni, akajizungushia kamba mara nyingine tena, akaikaza.

Nikaiweka sinia chini. "Mume wangu, toa mkono kwenye kamba. Utaukosa huo mkono."

Mzee mmoja akanong'ona, "Audhubillahi." Mume wangu alinitazama kwa jicho ambalo sijapata kuliona kwake tangu nimeolewa.

"Ingia ndani," akasema.

Sikuufikia mlango. Kuti kavu lilianguka kutoka mnazini nyuma yangu, makuti ambayo huanguka kwetu kila siku ya Mungu na hayamshtui hata kuku. Punda angekita miguu, akakataa kuondoka. Farasi aliondoka. Nilipogeuka mume wangu alikuwa tayari chini, kifudifudi, anaburutwa na mkono umemtangulia, ukaingia kwenye fito za ua, na farasi bado anakwenda. Yeye hakupiga kelele. Aliyepiga ni mavyaa.

Hospitali waliokoa walichoweza kuokoa. Kidole gumba na kidole cha shahada havikurudi, na sindano haishikwi kwa vitatu vilivyobaki.

Wageni walikuja makundi makundi. Yeye walimpa pole. Mimi walinisalimu kwa ncha za vidole. Nikiwa kwenye ujia nje ya wodi nikasikia wanawake wanasema, "Si alilitamka mwenyewe, mbele ya watu? Hata kuti likamtii." Mavyaa hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikuja tu akanipokonya chupa ya uji, akakaa, akamlisha mwanawe. Kamba hakuna aliyeitaja.

Yule jirani wa ngamia naye alikuja. Nikamvuta pembeni. "Wewe uliona."

"Niliona, dada."

"Basi waambie."

Akaangalia wodini, akaangalia chini. "Wataka na mimi waniite mchawi?"

Watu walipotawanyika mume wangu akaniashiria nikae. Alikuwa akiitazama bandeji. "Nikuulize, na uniambie kweli. Uliposema vile, ulikuwa wanionya, ama ulikuwa waniapiza?"

Nililia. Mbele yake sikuwa nimelia mpaka hapo. "Wallahi nilikuwa nakuonya."

"Naam," akasema. Akanishika kwa mkono ule mzima.

Farasi alichukuliwa na watu wa njia ya Lunga Lunga, na sijauliza habari zake. Mume wangu hanifanyii ubaya. Anakula chakula changu, anacheka na watoto, usiku ananiuliza nimeshindaje. Ila asubuhi, akiwa ana pa kwenda, hungoja mpaka nitoke nyuma kuosha vyombo, ndipo huondoka polepole. Haniambii tena anakokwenda, nisije nikasema neno.