Ugali Hauliwi kwa Uma

Usiku ule umeme ulikatika kabla sijamaliza kazi, na nyumba ikanyamaza kiasi kwamba nilidhani nausikia uma wangu ukilia ndani ya droo. Uma huo ni kichuma chenye meno mawili ambacho sisi walimu wa muziki hukigonga gotini ili kitupe A, yaani mitetemo mia nne na arobaini kwa sekunde, sauti ambayo okestra, kinanda cha kanisa na kwaya hukubaliana kuianzia. Nimekuwa nao tangu chuoni na sikupata kuutilia shaka. Nililala na shati la mchana, sikio moja likiwa limeegemea mto, la pili likingoja.

Sina budi kueleza kwanza nilichokuwa nakingoja.

Rafiki yangu Mwadime alifariki mwaka mmoja kabla ya usiku huo, kwa ugonjwa uliomchukua polepole, ukaanza na sauti yake. Alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa metali, muziki ule mzito wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazokimbia kama zimefukuzwa. Bendi yake ya watu watatu ilifanyia mazoezi pale Voi, katika banda la kinu cha umeme ambamo mama yake aliwasagia watu mahindi. Kaseti moja tu imebaki ya bendi hiyo. Jumamosi familia ilikuwa ifanye kumbukumbu ya mwaka, na dada yake, Wakesho, aliniletea kaseti niisafishe ili isikilizwe nyumbani mbele ya watu.

"Wewe ndiye unayejua, Mwalimu," aliniambia. "Ila uangalie. Utepe wenyewe umechoka. Fundi amesema utachezeka mara moja, labda mbili, halafu basi."

Mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuitumia.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa uangalifu mkubwa. Katika gitaa la kawaida uzi mnene kuliko zote hutoa E. Mwadime aliulegeza hadi C, na nyingine zote akazishusha toni moja moja, hivyo kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu nene kilitosha kuangusha ukuta. Hayo niliyafahamu. Lakini nilipoipima kaseti, C yake haikuwa C. Ilikuwa juu kidogo, theluthi ya nusu toni, na uzi wa tano, ambao ulipaswa kuwa G, nao ulikuwa juu kwa kiasi hicho hicho. Nikahitimisha kwamba redio ya kaseti iliyowarekodi ilikuwa na hitilafu ya mwendo. Nikaupunguza mwendo katika kompyuta mpaka C ikapatana na uma. Kisha nikauondoa mvumo uliotanda chini ya wimbo mzima, nikakata na sekunde za mwanzo ambazo hazikuwa na kitu ila mvumo huo na mnong'ono usioeleweka. Nakala ya awali nikaifuta, kama ninavyofuta ubao kipindi kikiisha. Nikamtumia Wakesho nikiwa nimeridhika.

Alhamisi jioni alinipigia simu.

"Mwalimu, mama amesikiliza."

"Amesemaje?"

"Amesema huyo ni Mwadime akiwa kitandani. Amesema, 'Mimi nataka yule mzima.'"

Nikamweleza habari za mitetemo, na kwa nini tofauti hiyo ni ndogo mno hata sikio la kawaida haliwezi kuishika. Alinisikiliza kwa adabu yote.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Lakini mama hakumpima. Alimzaa."

Kuurudisha mwendo kulikuwa jambo rahisi. Lakini mvumo nilioukwangua ulikuwa umeondoka na nyama ya sauti yake, na njia pekee ya kuipata nyama hiyo ilikuwa kuucheza utepe mara ya pili, ambayo huenda ikawa ya mwisho. Na kwa mwendo upi? Kama sikuujua wa kweli, ningemharibu tena, mara hii mbele ya watu wote. Nilikuwa nikiliwaza hilo, kaseti ikiwa mkononi, umeme ulipokatika.

Basi nikaota.

Nilikuwa katika ukumbi wa chuo, mbele ya kwaya, mchana mweupe. Niligonga uma gotini, nikawapa sauti, nao wakafumbua vinywa. Walichoimba kilikuwa juu kidogo ya nilichowapa. Nikawaashiria washuke. Hawakushuka. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, na goti likaanza kuuma, na kila nilipogonga unga mweupe ulidondoka kutoka vinywani mwao juu ya majoho. Katika safu ya nyuma, miongoni mwa sauti za besi, alisimama mtu mmoja ambaye hakuwa akiimba. Nyusi zake zilijaa unga. Nikamtambua Mwadime. Nikakumbuka kwamba amekufa, na kumbukumbu hiyo haikunishtua. Kilichonitaabisha ni kwamba amesimama na besi, ilhali yeye huimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume.

"Bwana Uma," aliniita.

Ndilo jina alilonipa siku ya kwanza nilipokwenda kuwasikiliza bandani. Nilikuwa nimeutoa uma nikitaka kumsaidia kupanga nyuzi, naye akautazama kwa muda mrefu, akawaambia wenzake, "Jamani, mwalimu amekuja na uma kwenye kinu. Hajui ugali hauliwi kwa uma?" Wakacheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo. Nami nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaandika katika daftari langu: hawana kipimo.

"Bwana Uma, hilo goti halijachoka?"

Nataka kumjibu, na ukumbi ni banda la kinu. Jua la saa sita limekaa juu ya mabati. Wanawake wamepanga mstari, kila mmoja na debe lake la mahindi, na hakuna anayezungumza. Mota imezimwa. Sijawahi kulisikia banda lile likiwa kimya, na ukimya wake ni kama wa darasa ambalo mwanafunzi mmoja ameharibu kitu na wote wanamjua. Wanawake wananitazama mimi. Mama Mwadime amesimama ukutani, mgongo kwetu, kiganja chake kikiwa juu ya swichi.

Mwadime ameketi juu ya gunia, gitaa pajani. Anazungusha masikio ya gitaa, vile vifundo vya kukazia nyuzi, anatega sikio, anazungusha tena. Nyuzi zinalegea. Zinalegea kupita C, kupita sauti yoyote yenye jina, zinashuka hadi sakafuni na kujikunja ndani ya unga.

"Siipati," anasema.

Nampa uma wangu. Unatetemeka wenyewe mkononi mwangu na siwezi kuunyamazisha, hata nikiubana kwapani, hata nikiukalia. Anaupokea, anauweka sikioni, anasikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza mgeni asiyejua lugha ya pale. Kisha anaurudisha.

"Huu wa kwako," anasema. "Mzuri. Wa kwangu uko wapi?"

Natafuta. Napekua mifuko ya koti, nafungua debe la mwanamke wa kwanza, la wa pili, na wanawake wanasogea kunipisha, mmoja akinong'ona, "Anatafuta alichokitupa mwenyewe." Ndani ya debe la tatu kuna kitanda cha hospitali, na sioni ajabu. Mwadime amelala juu yake, amekonda kama siku zile. Nyuzi sita zimefungwa kutoka chuma cha miguuni hadi chuma cha kichwani, zinapita juu ya kifua chake. Anafumbua kinywa, na maneno yanatoka kwa mwendo wa nakala yangu, yakiburuzika kidogo, kidogo sana, kiasi ambacho sikio la kawaida haliwezi kukishika. Mimi nakishika. Kila neno linachelewa kufika, na katika kila kuchelewa yeye anakonda zaidi.

Nayashika masikio ya gitaa yaliyo kichwani pa kitanda. Nakaza. Anakunja uso. Nalegeza. Anafumba macho. Nakaza tena, nahesabu mitetemo kwa sauti kama mtoto anayeogopa giza, mia moja na moja, mia moja na mbili, na sijui nielekee wapi kwa sababu uma unasema hapa, naye anasema siyo.

"Mwadime, nionyeshe," nasema. "Niko chini au juu?"

Anafumbua macho. Kwa mara ya kwanza sauti yake ni ile ya zamani, ya mtu mzima wa afya, yenye mzaha ndani yake.

"Wewe unapima gizani, ndugu yangu. Mwambie mama asizime kinu."

Nageuka kumwambia. Mama bado ana mgongo kwetu, kiganja juu ya swichi, na ninapokaribia naona kwamba kiganja kile ni changu, na pete ni yangu, na chaki iliyo chini ya kucha ni yangu. Nimeegemea swichi hiyo muda wote. Natoa mkono.

Kinu kikaunguruma, nami nikaamka.

Umeme ulikuwa umerudi. Taa ya jikoni niliyoisahau ilikuwa inawaka, na friji, iliyokuwa imenyamaza tangu jioni, ilikuwa imeanza kuvuma. Ndiyo iliyoniamsha, sina haja ya kulipamba jambo hilo. Nililala nikiisikiliza. Nimeishi na friji hiyo kwa miaka mingi na sikuwahi kuipa hadhi ya sauti. Halafu nikainuka bila viatu, nikachukua gitaa, nikaketi sakafuni mbele yake.

Nilianza kuulegeza uzi wa tano kutoka A. Sauti mbili zikiwa karibu lakini hazijakutana, husikika kati yake mawimbi, uu-uu-uu, kama zinazozozana. Kadiri nilivyoshuka ndivyo mawimbi yalivyopungua kasi, yakawa marefu, yakawa kama pumzi za mtu aliyelala, yakakoma. Uzi na friji vilikuwa kitu kimoja. Sikuwa nimefika G. Nilikuwa nimesimama kabla yake, theluthi ya nusu toni juu.

Nikaweka gitaa chini kwa uangalifu.

Mota za umeme wa nchi hii huvuma mitetemo mia moja kwa sekunde, na G ya uma wangu ni tisini na nane. Jambo hilo nimelifundisha darasani. Redio ya Mwadime haikuwa na hitilafu yoyote. Uzi wake wa tano ulipangwa kwa kinu cha mama yake, na nyingine zote zikaufuata huo, hata mvumo ule ambao mimi niliuita uchafu ukawa uzi wa saba, usiokatika, uliomshika yeye na wenzake mahali pamoja. Walikuwa na kipimo. Mimi ndiye niliyekikwangua, kisha nikamlaumu aliyekitumia kwa kutokuwa nacho.

Na kipimo hicho kilikuwa kinavuma jikoni kwangu.

Niliisogeza meza hadi karibu na friji. Niliingiza kaseti katika mashine ya kuichezea, nikaiwasha kompyuta inase, nikashika bisibisi juu ya kiskurubu cha mwendo cha mashine hiyo, nikabonyeza. Mvumo wa banda ukatoka katika spika na kuukuta wa friji, nayo mawimbi yakaanza, uu-uu-uu. Nikazungusha kidogo. Yakarefuka. Nikazungusha kwa upana wa unywele. Yakakoma, na sikuweza tena kujua upi ni wa jikoni na upi ni wa Voi. Ndipo mnong'ono ule wa mwanzo, nilioukata kwa kuwa haukueleweka, ukaeleweka.

Msomi aliye ndani yangu anasema kwamba sikio lilikwisha kuusikia mara ya kwanza, likauhifadhi, na ndoto ikanirudishia. Inawezekana. Sikubishana naye. Niliusikiliza utepe hadi mwisho, mara yake ya mwisho, kwani ulipofika ukingoni ulikatika kwa mlio mdogo kama wa njiti. Nakala ilikuwa imetimia.

Kulipokucha nilimpigia Wakesho. Hakunipa nafasi ya salamu.

"Mwalimu, mbona mapema? Kuna nini?"

"Mpe mama simu," nikasema, nami nikaiweka yangu karibu na spika.

Ulitangulia mvumo. Kisha sauti ya Mwadime, mzima, akiwa mbali kidogo na kinasa, akisema na mtu aliye upande wa pili wa banda: "Mama, usizime kinu kwanza. Natafuta sauti."

Wimbo haukuwa umeanza bado. Katika nafasi ile fupi, kabla fimbo hazijagongana, nilimsikia mama simuni, kutoka Voi, taratibu, akimjibu.

"Sizimi, baba. Tafuta."