Jirani Aliyenisema Mbele ya Afisa Elimu

Kwetu Ufipa nilikokulia, mzazi hakumsifu mwanawe mbele ya mgeni. Akiulizwa habari za mtoto wake alisema ni mvivu, kupalilia hajui, kazi yake kula tu. Mgeni mwenye adabu alitikisa kichwa kwa huruma, na hapo hapo jirani akadakia kwamba jamani, mtoto yule hana mfano. Sifa zilitoka kwa mtu wa nyumba ya pili, na mzazi akainamisha uso kama vile hazimhusu.

Bwana mmoja wa Mbeya aliyetumwa kwetu na ofisi ya elimu Sumbawanga hakuwa ameelezwa hayo.

Nilikuwa darasa la tano, kwenye kijiji chetu cha ujamaa upande wa Kate, na kuta za nyumba nyingi zilikuwa bado mbichi. Afisa alikuwa anatafuta watoto wenye vipaji. Kila shule ilitakiwa kutoa msichana mmoja na mvulana mmoja, wakasome darasa maalumu la bweni mjini. Mwalimu mkuu aliwateua wasichana watatu, nami nilikuwamo, lakini siku zile mwalimu hakuachiwa kuamua peke yake. Mtoto alikuwa wa kijiji, kwa hiyo ilibidi kijiji kikae mkutano na wazazi waseme.

Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukawa wa shida. Kitabu cha hesabu shuleni kwetu kilikuwa kimoja kwa watoto watano. Mwenye bahati alikishika mbele yake, na mimi niliyebanwa upande wa pili wa meza nilijifunza kukisoma kichwa chini miguu juu. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba huko mjini kila mtoto ana kitabu chake. Nilijiona nimekifungua, kimenielekea mimi, na hakuna mtu wa kunifunulia ukurasa kabla sijamaliza.

Tatizo lilikuwa jirani. Tulipohamishiwa kijijini tulipangwa kwa mistari, na ukuta uliofuata wetu ukawa wa mama mmoja aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji. Mtu wa kunisifu alikuwa yeye, na yeye hakutaka hata kuniona. Sikumlaumu. Alipojumlisha kwenye karatasi ya kufungia sukari, mimi kwa upande wangu wa kaunta nilikuwa nimekwisha soma jumla kichwa chini, na kwa heshima zote nilimwonyesha alipokosea. Alipotangaza kwamba sabuni imekwisha, niliwanong'oneza waliopanga foleni wasiondoke, ipo. Na kweli ilikuwa ipo.

Siku ya mkutano upepo wa kipupwe ulikuwa unakata masikio. Afisa alikaa mbele ya ofisi ya kijiji na tai yake, anatetemeka. Alisimama baba wa msichana wa kwanza, akasema binti yake hana maana, hata mbuzi wanamshinda. Afisa akakunja uso. Jirani yao akaruka, akammwagia yule binti sifa mpaka za kuchota maji. Wa pili ikawa vile vile. Nadhani yule bwana aliona amefika mahali ambapo wazazi wote wanawachukia watoto wao.

Kisha akasimama mama yangu. Kwa kuwa alinipenda sana, alinivunja vibaya sana.

"Mjinga tu huyu, Ndugu Afisa. Ukimtuma kisimani anarudi na mtungi mtupu. Sijui mwalimu kaona nini."

Akakaa, akainama, akasubiri. Mkutano mzima ukamgeukia jirani. Jirani alikuwa anakagua pindo la kanga yake. Afisa akangoja kidogo, halafu akaanza kuandika. Nilitaka kupiga kelele kwamba ule ulikuwa uongo wa adabu tu, lakini mtoto haongei penye wakubwa. Mama hakuinua uso, ila vidole vyake vilikuwa vinanyonga ncha ya kitambaa.

Ndipo jirani akasimama.

"Mama yake anadanganya," alisema. "Angekuwa mjinga ningepata raha. Huyu anasoma karatasi kichwa chini. Sabuni nimeificha chini ya magunia ya chumvi, kajua. Nimeihamishia nyuma ya madebe, kajua. Si mtoto huyu, ni shetani. Mchukueni mkakae naye huko mjini, mimi amenichosha."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Afisa alisahau baridi, akaniita mbele, akaniuliza ile sabuni niliijuaje. Nikamwamkia kwanza. Kisha nikamweleza kwamba magunia ya chumvi siku zote yalikuwa na vumbi, na siku ile hayakuwa nalo. Na tena, siku muuzaji alipomwekea mtu akiba ya sabuni, alimwitikia salamu kwa furaha kuliko wenzake. Afisa alimtazama mwalimu mkuu, akapiga mstari chini ya jina langu. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Kabla mkutano haujafungwa alinyoosha mkono, akamwomba jirani ufunguo wa duka.

Jioni mama alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda nyumba ya pili. Jirani alikuwa mlangoni anapepeta ulezi. Mama alikuwa amekuja na shukrani na hasira, na hasira ikatangulia.

"Mwenzangu, umemwita mwanangu shetani mbele ya watu."

Jirani aliendelea kupepeta. Makapi yalikuwa yanaturukia sisi.

"Wewe uliyemzaa umemwita mjinga, ukakaa. Mimi nimemwita shetani, na ufunguo wameuchukua. Sasa niambie, kati yangu na wewe nani kampeleka shule?"

Mama alipiga magoti pale pale kwenye makapi, akaanza kupiga makofi polepole, kama tunavyomshukuru mtu tuliyemkosea adabu. Nikapiga magoti pembeni yake, nikapiga na mimi. Jirani alituacha tupige makofi mpaka alipomaliza ungo wote wa ulezi.