Mke Aliyezikwa kwa Maneno

Asteria alifunga ndoa na Fanueli mwaka 1978, katika kanisa la Kilutheri la kijijini kwao, juu milimani Upareni. Miaka minane baadaye, shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi Fanueli lilifungwa. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi, naye akateremka Hedaru kuuza nguo kando ya barabara kuu. Mwanzoni alirudi kila mwezi na sabuni na sukari. Baadaye zikaja salamu tu. Mwishowe hata salamu zikakatika.

Mama yake Asteria, Dorkas, alimsihi aiache ndoa hiyo, arudi kwao.

"Niliapa madhabahuni, mama," Asteria alijibu. "Yeye akisahau, na mimi nisahau?"

Akaendelea kulima tangawizi, kusomesha wanawe wawili, na kuwafunda mabinti wa usharika kila ndoa zilipotangazwa. Mwaka wa nne tangu Fanueli ateremke, subira ikamwishia. Akapanda lori la tangawizi mpaka Hedaru, maneno makali yamemjaa kifuani.

Kwenye kibanda alichoelekezwa kuwa ni cha Fanueli alimkuta mwanamke kijana, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, dada. Karibu uchague."

"Marahaba. Namtafuta Fanueli. Mimi ni mkewe, Mama Anaeli."

Yule mwanamke, Lukia, akaketi juu ya robota la nguo. "Aliniambia ulifariki ukijifungua. Hata pole nilimpa."

Mtoto alikuwa akilia. Asteria akamfungua mgongoni kwa Lukia, akampakata. Fanueli alipotokea na kuwaona, aligeuka akaondoka.

Asteria akapeleka shauri kwenye baraza la usuluhishi, likamwita Fanueli mara tatu, hakuja. Mahakama ikatoa talaka. Asteria akaenda kwa Mchungaji Eliakimu kuomba apumzishwe kazi ya kufunda.

"Nimevunja kiapo, mchungaji."

"Mlikishika wawili, ukabaki nacho peke yako. Zaidi ya hapo sijui niseme nini. Lakini mabinti wale, nani atawaambia ukweli?"

Asteria akarudi kufunda, kwa sharti moja: bwana harusi naye aje, aketi kwenye benchi, asikilize. Wazee walinung'unika, mabwana harusi wakaja.

Hakuolewa tena. Siku nyingine, akijaza tangawizi kwenye magunia, alimkumbuka Fanueli wa zamani, aliyeimba besi kwayani, wala hakuona aibu kumkumbuka.