Mwita Hakuapa

Nilitoka Mombasa asubuhi na basi la Kisumu, nikalala stendi, kesho yake nikapanda gari la Homa Bay, kisha pikipiki hadi Lambwe. Nilifika kanisani kutafuta kazi ya kufundisha, magoti yamekufa ganzi. Kabla ya hapo nilikuwa nimepaka nyumba rangi Nakuru na kuuza viatu Eldoret. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na tabia ya kuhamahama. Askofu, mzee wa maneno machache, alilitazama begi langu akauliza, "Omera, ndugu yangu, hapa utakaa?" Nikasema nitajaribu. Kesho yake akanikabidhi darasa.

Nilikuwa mwalimu wa ubatizo. Kanisa letu ni la Waanabaptisti: hatubatizi watoto wachanga. Mtu hubatizwa akiwa mkubwa, kwa hiari yake, akijua anachokubali, ndiyo maana darasa lilichukua mwaka mzima. Nilifundisha amani, yaani kutolipiza kisasi hata ng'ombe wakiibwa. Nilifundisha kuoshana miguu: kabla ya Meza ya Bwana, mwanamume hupiga magoti na beseni mbele ya mwanamume mwenzake, mwanamke mbele ya mwanamke. Wengi waliisugua miguu nyumbani kwanza ili wasiaibike, na ilibidi niwaambie waje nayo ikiwa na vumbi. Nilifundisha pia kutoapa: neno la muumini linatosha, kortini na sokoni.

Miaka kadhaa baadaye Askofu alinihamishia Kehancha, kwa Wakuria. Kijaluo changu hakikunifaa huko, nikafundisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi wangu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mwita, mkulima wa mahindi, mtu wa mzaha. Aliniita Mwalimu Begi kwa sababu begi langu halikuwahi kufunguliwa lote.

Kisha ng'ombe wa jirani yake wakaibwa, naye Mwita akashukiwa. Huko mtu hujisafisha kwa kuapa kimila mbele ya baraza la wazee. Anayekataa hutengwa: haazimwi jembe, hasalimiwi, havuniwi mahindi. Mwita alikuja kwangu kuniuliza afanye nini. Nilitamani kumwambia aape mara hii moja tu. Nikampigia Askofu simu.

"Ulimfundisha nini?" aliuliza.

"Kutoapa, Baba Askofu."

"Basi mimi unaniuliza nini?"

Nilimwambia Mwita kwamba uamuzi ni wake, kama ubatizo ulivyokuwa wake. Barazani alisema hakuiba, na kwamba hataapa. Mwenyekiti wa wazee alimuuliza mara ya pili, akajibu vilevile. Wakamtenga siku hiyohiyo.

Mkewe, Boke, alinikuta kisimani. "Wewe utabeba begi lako uende," alisema. "Sisi tutabaki na masomo yako."

Kweli nilikuwa nimeshaomba kurudi Lambwe. Askofu alikataa. "Somo likimletea mtu shida, mwalimu hahamishwi," alisema, akakata simu.

Mahindi ya Mwita yalipokomaa, majirani walipita na mapanga yao bila kugeuza shingo. Tulivuna sisi wa kanisani, na wengine walitoka Lambwe. Wajaluo kuvuna shamba la Mkuria lilikuwa jambo la kucheka sokoni. Boke alituletea uji, akanipa kikombe bila kunitazama. Msimu uliofuata tukavuna tena. Ng'ombe hawakupatikana, na mwizi hajajulikana mpaka leo.

Sasa nimevuka arobaini na mgongo umenipunguzia safari. Walimu vijana huniuliza mbinu za kufundisha. Huwaambia wafundishe polepole, na wasiwe na haraka ya kuhama, kwa sababu kile unachokieleza kwa dakika chache ubaoni, mwenzako atakilipia kwa mavuno mawili.

Siku niliyoondoka Kehancha kabisa, ndugu wawili walikuwa barazani wakigombania mpaka wa shamba. Nilipita kuwaaga wazee, nikakuta mashahidi wakiapa mmoja baada ya mwingine. Mwita alikuwa ameitwa pia, kwa kuwa shamba lake linapakana na lile. Zamu yake ilipofika, jirani yake, yule aliyeibiwa ng'ombe, alinong'ona kwamba huyu haapi.

"Tunajua," mwenyekiti akasema. "Mwita, mpaka uko wapi?"

Mwita akaonyesha kwa mkono. Wazee wakainuka, wakaenda kuchimbia mawe pale alipoonyesha.

Nikapanda pikipiki.