Siku Niliyovuka Balangida kwa Tanga

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, wengi wetu tukiulizwa tunasema tuko Arusha. Mimi nilikuwa fundi cherehani Katesh, mjane mwenye watoto wawili, na mashine yangu ilikaa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kondoa, alikuwa na ugonjwa wa kununua vitu vya ajabu. Tangu serikali ifungulie biashara ya nje, kila walichokichoka Wazungu kilitufikia. Siku moja alishusha kutoka kwenye lori la Fuso ubao mweupe mrefu kuliko mtu, mlingoti na tanga la plastiki lenye mistari myekundu. Watu walisema amenunua meza ya kupigia pasi ya jitu.

Alipata wenzake wawili: fundi magari wa jirani, na mwalimu wa sekondari aliyewahi kuuona mchezo wa ubao kama huo Mwanza. Kila Jumamosi mchana, upepo ukianza, walishuka na pikapu hadi Ziwa Balangida lenye maji ya chumvi, wakasimama juu ya ule ubao kwa zamu, wameshika tanga, upepo ukiwasukuma juu ya maji. Jioni walirudi na macho mekundu kwa chumvi, wanacheka kama watoto.

Kisha tanga likachanika, wakaniletea. Nililishona kwa uzi wa turubai, mishono miwili miwili. Mwenye duka alipokuja kulichukua nikamwambia, "Jumamosi nakuja. Nami nataka kusimama juu yake."

Akadhani natania. "Dada, unajua kuogelea?"

"Mimi nimezaliwa kijiji cha Daudi, juu milimani. Ningeogelea wapi? Na wewe wa Kondoa ulijifunzia wapi?"

Akacheka. Maji yenyewe, alisema, sehemu kubwa hayapiti kiuno.

Habari zikamfikia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa. Tangu mazishi alikuwa anaamua kila kitu: watoto wasome wapi, nilime nini, nisuke nywele au nisisuke. Alikuja kibarazani akasimama mbele ya mashine.

"Nasikia unataka kwenda kuogelea na wanaume."

"Si kuogelea, shemeji. Ni kupanda tanga."

"Mama mtu mzima! Ukoo utasema nini?"

"Ukoo ukisema, utaniambia."

Nikazungusha gurudumu la cherehani, sikuacha kushona mpaka akaondoka.

Jumamosi nikavaa suruali ya marehemu mume wangu, nimeifunga kiunoni kwa kamba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvaa suruali mbele za watu. Ufukweni walikuwapo wanawake wanaokusanya chumvi, na waliponiona wakaacha kazi kabisa. Fundi magari alinifunga tyubu ya tairi kifuani nisije nikazama. Mwalimu akanionyesha: panda, piga magoti, simama, vuta kamba mpaka tanga litoke majini, kisha shika upondo wake, ile fito ya kuliongozea tanga, kwa mikono miwili.

Nilianguka. Nikapanda, nikaanguka tena. Maji yale yanachoma. Yakiingia machoni unaona moto. Magoti yalichubuka na chumvi ikaingia humo humo. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele kila nikianguka, na sikujua kama ni vya kunicheka au kunitia moyo. Mwalimu alinihurumia.

"Inatosha, dada. Leo umejitahidi."

"Sijakwambia nimechoka."

Ndipo nikamwona shemeji. Alikuwa amekuja kwa baiskeli, amesimama juu ya mawe na koti lake la kanisani, mikono nyuma. Hakuniita. Nadhani alitaka niaibike mwenyewe, nitoke majini nimeinamisha kichwa. Hasira ilinienea mpaka miguuni. Nikavuta kamba, tanga likatoka likichuruzika maji, nikashika upondo, nikaegemea nyuma kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi.

Ubao ukaondoka.

Nilisikia maji yakichanika chini ya nyayo. Mlima Hanang ulikuwa pembeni yangu, na mbele hakuna kitu cha kunizuia. Nyuma walikuwa wanapiga kelele nigeuke. Hawakuwa wamenifundisha kugeuka! Nikaenda tu, nikilia na kucheka, mpaka ubao ukakwama kwenye tope la ng'ambo nikaanguka kifudifudi.

Pale palikuwa na bibi mmoja wa Kibarbaig, amevaa gauni la ngozi, anawalambisha ndama chumvi. Nikainuka na tope langu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaniangalia, akaangalia tanga. "Nani amekutuma huku?"

"Hakuna aliyenituma."

Akatikisa kichwa taratibu, akagusa mistari myekundu kwa kidole, akasema neno kwa lugha yake nisilolielewa. Kisha akashika ncha ya ubao tukauchomoa pamoja kutoka kwenye tope.

Kurudi kulikuwa kwa miguu. Niliukokota ule ubao majini, upepo ukinipiga usoni, hadi wenzangu waliponipokea katikati ya ziwa. Shemeji alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nitaitisha kikao cha ukoo," alisema.

"Kiitishe. Lakini kisiwe Jumamosi."

Kikao kilikaa, nyumbani kwake. Wazee walizungumza zaidi juu ya suruali kuliko juu ya ziwa. Waliniuliza kama nitaacha, nikawasalimu tena wote kwa heshima, nikasema sitaacha. Mmoja akauliza, "Ukifa huko?" Nikamjibu kwamba mume wangu alifia kitandani, na hakuna aliyekataza vitanda.

Shemeji hakunisemesha hadi mavuno yakapita. Mimi nilishona suruali yangu mwenyewe, ya kitambaa kigumu, nikaendelea kwenda kila Jumamosi. Nilijifunza kugeuka. Miaka miwili baadaye mvua zilikataa, ziwa likakauka likabaki uwanja mweupe wa chumvi, na mwenye duka akauza ubao kwa mtu wa Babati. Siku alipouchukua nilimweleza mambo mawili matatu juu ya tanga, naye akawa anamtazama mwenye duka, anasubiri athibitishe. Mwenye duka akamwambia, "Msikilize. Huyu ndiye anayejua."